Fremu Zinazoharibika Njiani: Jinsi ya Kusaka Chanzo cha Makosa kwenye Mtandao wa Etheneti

Mtandao ukikatika kabisa, kazi ni nyepesi: taa ya poti imezima, unatafuta palipokatika. Kinachochosha ni mtandao unaofanya kazi nusunusu. Ping (kipimo cha kutuma ujumbe mfupi na kungoja jibu) inajibu, kurasa zinafunguka, lakini faili kubwa linakwama katikati, sauti kwenye simu za intaneti inakatikakatika, na nakala rudufu iliyotakiwa kuisha usiku inakutwa asubuhi bado inasukumana. Hapo watu hulaumu seva, au mtoa huduma, au virusi. Kabla ya kumlaumu yeyote, soma hesabu za makosa kwenye poti. Ni kazi ya dakika tano, na mara nyingi jibu limekaa pale likikusubiri.

Kwanza tuelewane kuhusu fremu yenyewe. Kila kinachopita kwenye waya wa Etheneti hufungwa ndani ya fremu. Fremu ndogo kabisa inayoruhusiwa ina baiti 64, na kubwa ya kawaida ina baiti 1518, au 1522 ikibeba lebo ya VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa). Baiti 4 za mwisho huitwa FCS, yaani sehemu ya kukagulia fremu. Humo mtumaji huandika jibu la CRC, hesabu ya kugundua makosa, ya biti 32 aliyoipiga juu ya fremu nzima. Mpokeaji huirudia hesabu hiyohiyo, na majibu yasipolingana, fremu hutupwa. Hutupwa kimya kimya: mtumaji haambiwi chochote na fremu hairudishwi. Anachofanya mpokeaji ni kuongeza moja kwenye kihesabio chake, basi. TCP, itifaki ya kusafirisha data iliyo ngazi za juu, ndiyo itakayogundua baadaye kwamba kuna kipande hakikufika. Itakituma upya, na kwa kudhani njia imejaa itapunguza mwendo. Ndiyo maana mtandao wenye makosa ya fremu haufi, unakuwa mzito tu.

Katika maelezo hayo kuna jambo moja ambalo kazi yote iliyobaki inalitegemea: kosa huandikwa na anayepokea. Poti inayoonyesha makosa ni shahidi, na shahidi si lazima awe mkosaji. Mkosaji anaweza kuwa mtumaji wa upande wa pili, au njia iliyo katikati, au kweli sikio la shahidi mwenyewe. Nimeona watu wakibadilisha swichi nzima (kifaa kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine vya mtandao) kwa sababu "swichi ina makosa", kumbe swichi ilikuwa inasema ukweli kuhusu kebo mbovu iliyochomekwa ndani yake.

Hatua ya 1: Soma kabla ya kugusa

Ukichomoa na kuchomeka kebo, umeshabadilisha ushahidi. Konekta iliyolegea hukaa sawa kwa siku mbili, kisha tatizo hurudi nawe hujui ulifanya nini. Kwa hiyo anza na macho. Kwenye Linux (`eth0` ni jina la kadi ya mtandao, weka la kwako):

`ip -s -s link show eth0`

Alama ya `-s` iandikwe mara mbili, maana ikiwa moja utapewa jumla tu bila mchanganuo. Utaona mstari wa namna hii (RX ni upande wa kupokea):

```
RX errors:  length    crc   frame    fifo overrun
                 0   1843      12       0       0
```

Ukitaka undani zaidi, `ethtool -S eth0` huonyesha kila kihesabio ambacho kadi ya mtandao inacho. Majina hutofautiana kati ya kadi na kadi, hivyo chuja kwa `grep -iE 'err|crc|coll'`. Kwenye swichi za Cisco tumia `show interfaces` kwa poti moja, au `show interfaces counters errors` kuziona zote kwa pamoja. Windows ina `Get-NetAdapterStatistics | Format-List *` ndani ya PowerShell, lakini mchanganuo wake ni mfupi. Kama kompyuta ya Windows imeunganishwa kwenye swichi inayosimamiwa, mimi husoma zaidi upande wa swichi.

Soma ncha zote mbili za kila kiungo. Ukisoma ncha moja umesikia upande mmoja wa kesi.

Hatua ya 2: Pima mwendo wa kosa

Tarakimu moja haisemi kitu. Makosa 1843 huenda yalitokea yote ndani ya dakika moja miezi kadhaa iliyopita, siku fundi alipokuwa anahamisha raki. Unachotaka kujua ni kama yanaongezeka sasa hivi.

Andika hesabu ya makosa pamoja na jumla ya fremu zilizopokewa na saa uliyosoma. Subiri dakika kumi mtandao ukiwa na kazi, kisha soma tena. Kwenye Cisco unaweza kuanza na sifuri kwa `clear counters`, ila nakili zile za zamani kwanza, maana ni historia. Tuseme ndani ya dakika kumi zimepokewa fremu 3,000,000 na makosa yameongezeka 600. Hiyo ni fremu moja mbovu katika kila 5,000. Kwa anayesoma barua pepe si kitu, lakini anayehamisha faili la gigabaiti kadhaa ataihisi.

Kiwango gani kinavumilika? Kiwango rasmi cha gigabiti juu ya waya wa shaba, yaani 1000BASE-T, kinaruhusu hadi biti moja mbovu katika biti 10,000,000,000. Ukweli wa kazini ni kwamba kiungo kizima cha shaba hukaa siku nyingi kikisoma sifuri. Kwangu mimi, kihesabio cha CRC kinachoendelea kupanda, hata polepole, ni kazi ya kufanya.

Hatua ya 3: Tambua aina ya kosa

Aina ya kosa hukuokolea nusu ya safari.

CRC peke yake, bila dalili nyingine, humaanisha biti zimegeuka njiani: kebo, konekta, usumbufu wa umeme, fiba chafu, au kifaa cha kutuma kinachochoka. Kosa la mpangilio, ambalo Linux huliita `frame`, ni fremu ambayo CRC yake ni mbovu na tena biti zake hazigawanyiki sawasawa kwa nane. Chukulia kwamba linatoka kwenye ukoo huohuo wa CRC.

Fremu kibeti, zilizoandikwa `runts`, zina chini ya baiti 64. Ni vipande vya fremu iliyokatwa kabla ya kuisha, na karibu kila mara kuna mgongano nyuma yake. Zikija pamoja na CRC, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Fremu jitu, `giants`, zimepita urefu unaoruhusiwa. Hapa waya kwa kawaida hauna hatia. Kuna mtu amewasha fremu za baiti 9000 upande mmoja na kusahau upande mwingine, au kifaa cha zamani kinaona baiti 4 za lebo ya VLAN kama ziada. Linganisha MTU (ukubwa wa juu wa data ndani ya fremu moja) za pande zote na umemaliza.

Halafu kuna zile zinazowapoteza wengi: `fifo`, `overrun`, `missed`, `dropped`. Hizi si fremu zilizoharibika. Zilifika zikiwa nzima, ila kifaa hakikuwahi kuzipokea au hakikuwa na pa kuziweka. Ukibadilisha kebo kwa sababu ya `dropped` utabadilisha hadi uchoke. Huo ni mzigo au mipangilio, na utafutiwe mahali pake.

Hatua ya 4: Kagua dupleksi

Dupleksi ni namna ncha mbili za kiungo zinavyozungumza: kamili ni zote kutuma kwa wakati mmoja, nusu ni kutuma kwa zamu. Ncha kutolingana kwa dupleksi ni tatizo la zamani ambalo bado linaishi, hasa kwenye viungo vya megabiti 100: printa, kamera, vidhibiti vya mitambo, na vile visanduku vya kugeuza fiba kuwa shaba. Lielewe vizuri, maana linajifanya kebo mbovu kwa ustadi mkubwa.

Vifaa viwili vikiachwa kwenye mapatano ya kiotomatiki, huambiana uwezo wao na kuchagua njia bora. Sasa mtu anakuja, anaweka upande mmoja kwa mkono: megabiti 100, dupleksi kamili. Upande huo unaacha kuzungumza. Upande wa pili, ulio bado kwenye otomatiki, unaweza kuutambua mwendo wa 100 kwa kusikiliza mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haisikiki kwenye mawimbi. Kanuni inauagiza ushike nusu dupleksi. Taa zinawaka pande zote mbili, na kila mtu anaamini kazi imeisha.

Kinachofuata ni hiki. Upande wa dupleksi kamili hutuma wakati wowote, kwa kuwa unajua njia zake ni mbili. Upande wa nusu unaamini kwamba wote wawili hawawezi kuzungumza kwa pamoja. Ukiwa katikati ya kutuma, ukasikia kitu kinaingia, unasema huu ni mgongano, unakata fremu yake na kungoja. Upande wa kamili unapokea kisiki cha fremu na kukiandika kama kibeti au CRC. Kwa kuwa upande wa kamili hausikilizi kabla ya kutuma, migongano mingine hutokea baada ya biti 512 za kwanza kuwa zimekwisha kutoka, na kwenye mtandao wa nusu dupleksi uliojengwa vizuri hilo halitakiwi kutokea. Huandikwa `late collision`.

Kwa hiyo alama zake ni hizi: ncha moja ina migongano ya kuchelewa, ncha nyingine ina CRC na vibeti, na hali inakuwa mbaya kadiri mzigo unavyoongezeka pande zote mbili. Ping moja moja inapita safi kwa sababu hakuna anayezungumza juu ya mwenzake. Ukiona picha hiyo, weka koleo chini.

Andika `ethtool eth0` na usome mistari ya `Speed`, `Duplex` na `Auto-negotiation`. Fanya hivyo ncha zote mbili. Dawa ni kurudisha pande zote kwenye otomatiki. Kama kifaa kimoja hakiwezi, basi weka zote mbili kwa mkono, zikifanana. Na usijaribu kuzima mapatano kwenye gigabiti ya shaba, maana 1000BASE-T inayahitaji ili ifanye kazi.

Hatua ya 5: Kebo, kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja

Dupleksi ikiwa sawa na CRC bado inapanda, sasa unaweza kushika waya. Ila badilisha kitu kimoja, pima dakika kumi, andika, ndipo uende kingine. Anza na kebo fupi ya ncha moja, kisha ya ncha nyingine. Halafu hamisha kebo ileile kwenye poti nyingine ya swichi. Mwisho, weka kifaa kingine mahali pa kile cha kwanza. Kila mara jiulize: kosa limefuata kebo, limebaki kwenye poti, au limefuata kifaa? Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, umebaki na vitu vitatu usivyojua kipi cha kutupa.

Unapopima, tumia fremu ndefu. Fremu ya baiti 64 ina biti 512, na ya baiti 1518 ina biti 12,144, yaani karibu mara 24. Kwenye waya unaogeuza biti moja hapa na pale, fremu ndefu ina nafasi karibu mara 24 ya kupatwa. Ping ya kawaida ni fupi na hukudanganya. Kwa MTU ya 1500 tumia:

`ping -s 1472 -i 0.2 192.0.2.10`

Hizo 1472, ukiongeza baiti 8 za kichwa cha ICMP (itifaki ya ping) na 20 za kichwa cha IP, zinajaza 1500 kamili. Kupata mzigo wa kweli, endesha `iperf3`, programu ya kusukuma data nyingi, kati ya mashine mbili, kisha irudie na `-R` ili kugeuza uelekeo. Uelekeo una maana yake: kwenye megabiti 100, jozi ya pini 1 na 2 hubeba uelekeo mmoja na jozi ya pini 3 na 6 hubeba mwingine. Makosa yakiwa upande mmoja tu, unajua jozi gani ya kuitilia shaka. Kwenye gigabiti jozi zote nne hubeba pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ujanja huo hausaidii. Lakini gigabiti ina dalili yake: kiungo kinachoshuka chenyewe hadi 100 mara nyingi kimepoteza jozi ya 4 na 5 au ya 7 na 8, ambazo megabiti 100 haizihitaji.

Sasa itazame konekta kwa karibu, chini ya mwanga. Kwa mpangilio wa T568B, kutoka pini ya 1 hadi ya 8, unatakiwa kuona: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia ile kijani ilivyoruka: nyeupe-kijani iko kwenye pini ya 3 na mwenzake yuko kwenye pini ya 6, bluu wawili wakiwa katikati. Fundi mwenye haraka hupanga jozi moja baada ya nyingine, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, kisha anafanya vivyo hivyo upande wa pili. Testa ya taa nane itawasha taa zote kwa mpangilio, maana kila pini inafika kwa mwenzake. Kwa testa hiyo kebo ni nzima. Lakini vifaa vinatuma mawimbi yao juu ya pini 3 na 6, ambazo sasa ni nyaya za jozi mbili tofauti. Kusokotwa pamoja ndiko kunakoifanya jozi ifute usumbufu wake yenyewe. Nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja hazifutiani kitu, na mawimbi ya jozi moja huvujia nyingine. Kebo fupi ya namna hiyo inaweza kufanya kazi muda mrefu bila mtu kugundua. Ndefu inatema CRC bila kukoma. Ndiyo sababu siamini testa ya taa kuliko macho yangu na kihesabio.

Ukiwa hapohapo, tazama msokoto umefunguliwa kiasi gani kabla ya kuingia kwenye konekta. Usizidi milimita 13. Ganda la nje liwe limeingia ndani na kubanwa, nyaya zisiwe zimening'inia uchi. Kisha fuata njia ya kebo: imepindwa kona kali? Kuna mguu wa meza au gurudumu la kiti juu yake? Imefungwa kwa kamba ya plastiki hadi ikabonyea? Urefu wote usizidi mita 100, kwa kawaida 90 ndani ya ukuta na 10 za kebo fupi za ncha mbili. Na kama uzi wake ni wa alumini uliopakwa shaba, kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuitoa.

Kuna makosa yanayofuata saa. Niliwahi kufuatilia kiungo kilichokuwa safi kila usiku na kuchafuka kila mchana. Nilisoma kihesabio kila baada ya dakika tano kwa siku nzima, na makosa yakaonekana yakija kwa mafungu, yakitulia, kisha yakija tena. Kebo ilikuwa imelazwa sambamba na waya wa umeme wa kiyoyozi juu ya dari, na mafungu yale yalilingana na kila mara mota ilipowaka. Tuliitenga njia yake na mafungu yakaisha. Bila jedwali la saa nisingeliona hilo, kwa sababu kila nilipofika pale mota ilikuwa imepumzika.

Kadi na swichi kadhaa zinaweza kujipima waya zenyewe. Kwenye Linux ni `ethtool --cable-test eth0` ikiwa programu endeshi ya kadi inaikubali, na swichi kadhaa za Cisco zina `test cable-diagnostics tdr`. Hukupa umbali hadi palipokatika au palipogusana. Tahadhari: kipimo hiki kinaweza kukikata kiungo kwa sekunde chache, basi usikifanye kwenye kiungo unachokitegemea kuingilia.

Hatua ya 6: Kama njia ni fiba

Safisha kwanza. Chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuziba kiini cha uzi, na kidole kimoja kikigusa ncha huacha mafuta. Safisha ncha ya kebo na tundu la moduli pia, kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usichungulie ndani ya fiba kamwe: mwanga wake hauonekani na unaharibu jicho.

Kisha soma nguvu ya mwanga kwa `ethtool -m eth0`, au `show interfaces transceiver` kwenye Cisco, na ulinganishe na mipaka ya moduli yenyewe. Mwanga hafifu ni uchafu, kona kali au kiungio kibaya. Mwanga uliozidi nao ni tatizo: moduli ya masafa marefu kwenye uzi mfupi humziba macho mpokeaji, na hapo unahitaji kipunguza mwanga. Hakikisha pia moduli za ncha zote mbili ni za aina moja na zinalingana na uzi, maana moduli ya uzi wa modi moja na kebo ya modi nyingi zinaweza kuwasha taa na bado zikaharibu fremu.

Hatua ya 7: Usimkamate aliyepokea bidhaa ya wizi

Swichi nyingi hupokea fremu nzima, hukagua FCS, ndipo hupitisha. Kwenye swichi za aina hiyo, kosa unaloliona ni la kiungo hichohicho, halijatoka mbali. Lakini swichi zenye haraka, hasa za vituo vya data, huanza kuitoa fremu upande wa pili kabla mkia wake haujaingia. FCS iko mkiani. Swichi inapogundua ubovu, kichwa cha fremu kimeshaondoka na hakirudishiki. Fremu mbovu inaendelea na safari, na kila poti ya kuingilia njiani inaandika kosa lake.

Matokeo ni kwamba unaona CRC kwenye poti sita na kudhani una kebo sita mbovu. Dawa ni kurudi nyuma kuelekea inakotoka fremu. Simama kwenye poti yenye makosa ya kupokea, nenda kwenye kifaa kilicho upande wake wa pili, ukague poti zake zote za kuingilia. Kama mojawapo ina makosa yanayopanda kwa mwendo uleule, songa nyuma tena. Ukifika kwenye kifaa ambacho poti zake zote za kuingilia ni safi, umepata mahali: fremu iliingia kwake nzima na ikafika kwa jirani ikiwa mbovu. Kiungo hicho kimoja ndicho cha kurudishiwa hatua ya 4, ya 5 au ya 6.

Usitegemee Wireshark, programu ya kunasa na kutazama fremu, katika msako huu. Kadi ya mtandao huzitupa fremu mbovu kabla hazijaifikia programu, hivyo utaona msongamano safi wenye mapengo. Kadi chache hukubali `ethtool -K eth0 rx-fcs on rx-all on` na kukuachia uzione. Ikiwa yako ni mojawapo, inafaa kujaribu, hasa kutazama anwani ya mtumaji. Isome kwa tahadhari, kwani ndani ya fremu mbovu hata anwani yenyewe inaweza kuwa imegeuka.

Hatua ya 8: Thibitisha

Rudisha vihesabio kwenye sifuri, au andika vilipo. Sukuma mzigo wa `iperf3` pande zote mbili kwa nusu saa, kisha acha kazi ya kawaida iendelee siku nzima, mchana na usiku, na usome tena ncha zote mbili. CRC ikibaki ilipokuwa, andika kwenye daftari la mtandao: poti gani, kosa gani, ulibadilisha nini, tarehe gani.

Na ile kebo uliyoitoa, kata vichwa vyake vyote viwili papo hapo, kabla hujainuka. Ukiirudisha kwenye droo ikiwa nzima, kuna mtu atakayeichukua.